Hatua ya Mwisho ya Mwonyesha Viti

Mwendo wa mama ulirudi nyumbani siku ya Jumanne, jua likizama, wakati mama mdogo akikaanga vitunguu. Mama mwenyewe alikuwa ameshazikwa tangu mwaka uliopita. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu ili moshi utoke. Ukasukumwa, tambara la kufutia viatu likabonyea upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, na mwendo ukaingia ndani.

Hapakuwa na mguu wala gauni. Ulikuwepo mwendo peke yake, nao ulionekana kama upepo unavyoonekana majanini: huuoni wenyewe, ila unajua unapita wapi. Unyayo ulipapasa sakafu kwanza kabla ya kuikanyaga, kama wa mtu anayeteremka gizani. Mkono wa kulia ulikuwa chini karibu na paja, ukielekeza mbele. Kila baada ya hatua chache bega la kushoto liligeuka nyuma kidogo, kumwangalia anayefuata.

"Karibu, dada," mama mdogo akasema, akapunguza moto. "Leo umekumbuka kwenu."

Binti wa marehemu alikuwa kwenye beseni, akisugua vidole kwa sabuni ili kutoa weusi wa penseli. Aligeuka, akautambua mwendo mara moja, akajipangusa mikono.

"Shikamoo, mama."

Mwendo haukuitikia, kwa kuwa mwendo hauna mdomo. Ulizunguka meza ya chakula, ukazunguka tena. Mama mdogo alivuta kiti, akakipangusa kwa upindo wa nguo yake, akakisogeza njiani. Mwendo ukakikwepa, ukaendelea.

Walikula huku wakizungukwa. Hawajamaliza, jirani wa ghorofa ya chini akapanda ngazi, mpini wa ufagio mkononi.

"Jamani, ni nani huyo asiyechoka?"

"Dada yangu," mama mdogo akajibu. "Yule marehemu."

"Oo. Poleni sana." Jirani alichungulia, akafuata mwendo kwa macho mpaka ukamaliza mzunguko. "Basi avue viatu."

"Hana miguu, mwenzangu, viatu avivae wapi?"

"Basi mtandikieni zulia. Mimi nina wagonjwa wanaohitaji usingizi kule chini."

Wakatandika zulia. Mwendo ulizunguka juu yake mpaka asubuhi, kisha ukatoka na kuteremka ngazi. Jumatano jioni ulirudi, na Alhamisi pia. Kila ulivyorudi, hatua zilikuwa nzito zaidi, na unyayo ulikawia zaidi hewani kabla ya kuthubutu kushuka.

"Amechoka," mama mdogo alisema. "Mtu amekufa, halafu anachoka. Hii nayo ni kazi gani?"

Binti alikwenda chumbani kusali. Walipomzika mama walikuwa wameuombea mwili wake, wakaiombea na roho yake, kwa machozi na kwa imani. Mwendo wake hakuna aliyeutaja. Sasa alipopiga magoti kandokando ya kitanda alijiuliza kama sala inaweza kupungukiwa kitu, kama chakula kinavyopungukiwa chumvi, na kama Mungu huwa anaongeza mwenyewe au anasubiri kuombwa.

Mama alikuwa mwonyesha viti katika jumba la sinema. Taa zikishazimwa na filamu ikishaanza, yeye ndiye aliyewapokea waliochelewa mlangoni, akawatangulia kwenye njia ya kati iliyoteremka mpaka mbele, tochi ndogo mkononi, mwanga ukimulika chini tu ili usiwaudhi waliokwisha kukaa. Miaka mingi ya kuteremka gizani huku ukimwangalia mgeni nyuma yako hufanya mwendo wa aina yake. Hata sokoni mchana wa jua kali, mama alipapasa ardhi kwa unyayo na kuushusha mkono kama ameshika tochi. Na kwa kuwa filamu zilipoanza yeye alikuwa mlangoni, hakuwahi kuona mwanzo wa filamu hata moja. Hadithi alizomsimulia binti yake kabla ya kulala zilianzia katikati: mtu yuko tayari juu ya farasi, nyumba inaungua, bibi harusi ameshakimbia.

Jumba la sinema lilipofungwa, mama akapata kazi ya usafi katika studio ya katuni. Binti yake naye akaajiriwa humohumo, mezani, kwa sababu siku moja alimletea mama chakula na wakakuta amechora paka kwenye karatasi ya kufungia mkate. Wenzake walimwita Katikati, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mchoraji mkuu huchora mguu ukiwa chini, kisha huchora mguu ukiwa juu. Katikati huchora yote yanayopita baina ya hapo. Mchoro wa katikati mtazamaji hauoni kamwe, lakini usipokuwepo, mtu kwenye skrini hapigi hatua, anaruka tu kama aliyeumwa na siafu. Kanuni ya kazi hiyo ni moja: usiweke chako. Tazama mchoro wa kulia, tazama wa kushoto, chora kile ambacho hiyo miwili inakidai.

Mama aliipenda kazi ya mwanawe lakini jina lake lilimpa shaka. "Mnaiita uhuishaji," alisema. "Anayehuisha ni Mmoja. Ninyi mnasukumasukuma tu."

Siku moja mwigizaji aliyeitwa kuja kutembea kama bibi kizee hakutokea. Siku hizo studio ilikuwa imeanza kuchukua miendo ya watu halisi: mtu anavaa vazi jeusi la kubana lenye vitufe vyeupe kila kiungo, anatembea chumbani, kamera zinafuata vitufe, na kompyuta inabaki na mwendo bila mtu. Mama alikuwa anapiga deki mlangoni.

"Mama, hebu vaa hili utembee kidogo," meneja akamwambia.

"Kutembea tu? Hata kuku anatembea."

Akavaa, akacheka sana alipojiona, akatembea kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Kisha akavua na kurudi kwenye deki yake. Mwendo huo alikabidhiwa kijana mmoja mnene, mpole, aitwaye Mkasi, ambaye kazi yake ilikuwa kukata hatua ya kwanza na hatua ya mwisho, halafu kuziunga ncha mbili zilizobaki ili mwendo ujizungukie wenyewe.

"Mwendo wenye mwanzo na mwisho unafaa safari moja," Mkasi alipenda kueleza. "Usio na mwanzo wala mwisho unafaa safari zote."

Mwendo ukawekwa kwenye ghala la studio kwa jina la Mwanamke Mzee wa Tatu, tayari kwa yeyote atakayeuhitaji. Baada ya miaka michache mama aliugua na kufa.

Wiki ile mwendo uliporudi nyumbani, alifika studioni mtafiti kutoka chuo kikuu, mwanamke mwembamba mwenye miwani na sauti ya chini. Alikuwa na programu iliyotazama filamu maelfu kwa maelfu, za zamani na za sasa. Programu haikutazama kama watu wanavyotazama. Haikujua nani mwema, nani mwovu, wala haikulia mahali pa kulia. Ilipima tu jinsi kila mwili unavyosogea, ikaugeuza kuwa nukta, na nukta za miendo inayofanana ikaziweka karibu karibu. Alizima taa za chumba cha mikutano ili wafanyakazi waone.

Ukuta mzima ukajaa nukta. Ilikuwa kama mbingu wakati hakuna mwezi wala wingu. Huku waliokimbia, wametapakaa kama cheche. Kule waliocheza ngoma na dansi, wamejikunja kwa mawimbi. Watoto wanaojifunza kusimama walikuwa kishada kidogo kinachotetemeka. Kila aliyewahi kunyanyua mguu mbele ya kamera alikuwepo, hai na aliyekufa, na hakuna aliyekuwa amempanga pale kwa kumpendelea. Katikati aliinamisha kichwa bila kukusudia. Alisikia kitu ambacho huwa anakisikia kwenye ibada pale watu wote wanaponyamaza kwa pamoja.

"Sasa tazameni hapa," mtafiti akasema. "Vikongwe wa filamu za zamani wametawanyika, kila mmoja na lake. Wa miaka ya karibuni wote wako kwenye nukta hii moja. Nilidhani programu imeharibika."

Nukta hiyo ilikuwa nzito, nyeupe, iking'aa kuliko zote. Mtafiti akaifungua. Wakatoka malkia, mchawi, bibi wa kwenye tangazo la sabuni, nyanya mpanda milima, mzimu wa kisimani, na tembo jike mwenye miwani. Walitembea kwa safu. Kila mmoja alipapasa chini kwa unyayo. Kila mmoja alishusha mkono wa kulia karibu na paja, hata tembo, ambaye hakuwa na mkono. Kila mmoja aligeuza bega la kushoto.

"Huyu ni marehemu mama yangu," Katikati akasema.

Mtafiti alivua miwani. "Basi pole," akasema. "Na hongera. Sijui ipi itangulie." Akatazama tena ukutani. "Nimekuwa naye mwaka mzima na sijaelewa. Huo mkono unatafuta nini?"

"Hautafuti. Anamwonyesha mtu kiti."

"Mtu gani?"

"Yeyote aliyechelewa."

Safu ilikuwa inaendelea kupita, na sasa kila mmoja chumbani mle aliona kwamba nyuma ya kila malkia na kila mchawi palikuwa na nafasi, upana wa mtu mmoja, iliyokuwa ikifuata.

Katikati alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa meneja. Alieleza kwa adabu kwamba mwendo wa mama unarudi nyumbani kila jioni umechoka na hauwezi kusimama, na akaomba utolewe ghalani upumzike.

Meneja hakushangaa. Alikuwa mtu wa huruma, akatikisa kichwa. "Dada Katikati, mama yako tunamheshimu mno. Ndiyo maana hatujampumzisha. Unajua ni wangapi wanakufa na kila kitu chao? Mama yako hatakufa kamwe."

"Alishakufa, bosi. Ulikuja msibani."

"Nilikuja, ndiyo. Lakini kikazi bado yupo." Akamsindikiza mlangoni. "Na mwendo ni wa studio, hilo unalijua. Msalimie akija."

Kwa Mkasi aliomba kidogo zaidi: zile ncha zilizokatwa, hata hatua ya mwisho peke yake.

"Zilifutwa siku ileile, dada yangu. Ncha hazina kazi."

"Basi unakumbuka alifanya nini alipofika ukutani?"

Mkasi alifikiri kwa uaminifu. "Mimi huangalia hatua," akasema. "Mtu simwangalii."

Basi Katikati akaamua kuichora mwenyewe. Hilo ndilo aliloweza: kumpa mama hatua ya mwisho ili afike. Nyumbani alikaa mezani na karatasi, mwendo ukimzunguka, akachora bibi anayepunguza mwendo, anayeshika mgongo wa kiti, anayejishusha polepole, anayekaa, anayenyoosha miguu. Michoro ilitoka vizuri sana. Aliibana upande mmoja ikawa kijitabu, akaomba dua fupi, akaupitisha ukingo wa karatasi chini ya kidole gumba ili michoro ikimbie.

Mwendo ulifuata. Ulipunguza kasi, ukakaribia kiti, ukainama. Mama mdogo alishika kifua. Kisha, nusu ya kukaa, mwendo ukaruka kama uliokalia kaa la moto, kiti kikaanguka chali, na mzunguko ukaanza upya, kwa kasi zaidi. Kule chini jirani aligonga dari.

"Nionyeshe hicho," mama mdogo akasema. Akafunua michoro mmoja mmoja, mdomo ameukunja. "Unachora vizuri, mwanangu. Lakini huyu simjui."

"Ni mama."

"Mama yako ulimwona amekaa lini?"

Katikati alijaribu kukumbuka. Mama alikula amesimama, sahani mkononi. Alisuka nywele za watu amesimama. Hospitalini walimlaza. Kukaa ndiko alikokuwa anamtakia mama, na alichokichora kilikuwa hicho alichokitaka yeye. Alikuwa ameweka chake.

"Mimi nilikuwa napitishwa mlango wa pembeni," mama mdogo akasema, akiinua kiti. "Mdogo wake, ananificha safu ya nyuma, naangalia filamu bure. Nilimwona kila siku. Sikiliza. Akifika kwenye safu yako anasimama. Sio ghafla, kama anayeomba radhi. Mkono unashuka zaidi, anamulika kiti, anakizungushia mwanga kidogo, hivi, uone mwisho wake na mwanzo wake. Anasubiri. Hata ukichelewa kukaa, hata ukiwa umelewa, anasubiri. Ukishakaa anazima tochi, anaishika kifuani kwa mikono miwili, anarudi nyuma mpaka ukutani. Anaegemea. Hapo ndipo anaanza kutazama."

"Na hapo ndipo anapumzika?"

"Wewe ulidhani watu wote wanapumzikia matakoni?"

Katikati alichora jioni hiyo, na jioni iliyofuata, na nyingine baada yake, mama mdogo akiwa nyuma ya bega lake na kukosoa. Mkono juu sana. Hapo anageuka mapema. Hapo bado anakuangalia, mbona umeshamfumba macho? Alichora kile tu ambacho mchoro wa kulia na wa kushoto ulikidai. Alipomaliza ilikuwa saa ya jua kuzama, na mwendo ulikuwa ndio kwanza umefuta viatu mlangoni. Mama mdogo alizima taa bila kuambiwa. Katikati akasema kimoyomoyo, Mola, huyu naye ni wako mpaka kwenye kisigino. Kisha akaachia karatasi chini ya kidole gumba.

Mwendo ukaja kando ya meza. Ukapunguza, kama unaoomba radhi. Ukasimama. Mkono ukashuka, na kwenye kiti kitupu, juu ya mbao ambazo hazikuwa zikimulikwa na chochote, likazunguka kitu kama duara la joto. Kisha ukasubiri.

"Kaa," mama mdogo akanong'ona. "Anakusubiri wewe."

Katikati akakaa. Mkono ukapanda kifuani, wa pili ukaufuata. Mwendo ukarudi nyuma, hatua kwa hatua, bila kumgusa mtu, na chokaa ya ukutani ikapokea mgongo kwa mlio mdogo kama wa pumzi. Nyumba nzima ikatulia. Mbele yao palikuwa na ukuta mwingine, mtupu, wenye ufa na alama ya msumari, na wote watatu wakautazama. Hakuna kilichotokea pale ukutani. Waliutazama kwa muda mrefu, mama mdogo akilia bila kujipangusa, na Katikati hakumbuki kama amewahi kutazama kitu kwa moyo mzima hivyo.

Saa hiyohiyo, popote filamu zilipokuwa zikionyeshwa, vikongwe walisimama. Malkia alisimama kwenye ngazi za kasri, mchawi msituni, tembo katikati ya tangazo la mafuta ya kupikia. Walishusha mikono, wakasubiri, kisha wakarudi nyuma na kuegemea kilichokuwa karibu. Filamu zikaendelea kuwazunguka mpaka mwisho. Watazamaji hawakulalamika. Waliokuwa wamesimama milangoni waliingia ndani wakatafuta pa kukaa, na baadhi ya watu walisogea kuacha kiti kitupu kando yao, wasijue wanamwachia nani.

Mtafiti alimpigia Katikati simu. "Ile nukta imetulia," akasema. "Nyingine zote zimesogea kuielekea." Kisha akaongeza, "Nilitaka tu ujue kwamba nimeiona."

Asubuhi Mkasi aliwasha kompyuta yake, akakuta mwendo umeota ncha. Alimwita meneja. Meneja alitazama mara mbili, akasema ni nzuri kweli, inatia huruma, akamwambia aikate kabla wateja hawajaamka. Mkasi akaikata. Nyumbani mgongo ukabanduka ukutani, na mama mdogo, aliyekuwa akichemsha chai, akausikia ukipapasa sakafu kuelekea mlangoni. Akaufungulia.

"Haya, dada. Kazi njema."

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Jua likizama Katikati huachia michoro, mama hufika. Asubuhi Mkasi hukata, mama huondoka. Siku za mapumziko Mkasi hakuwa akija kazini, na mama aliegemea ukuta kutwa nzima huku mama mdogo akimsimulia habari za mtaa. Kisha meneja akaajiri msaidizi wa siku za mapumziko, na hilo nalo likakoma. Jirani wa chini aliomba zulia libaki mahali pake.

Siku hizo Mkasi alikuwa akichelewa kazini mara kwa mara, kwa hiyo ikatokea asubuhi moja Katikati na mwendo wa mama wakatoka nyumbani pamoja. Waliteremka ngazi, mama mbele, bega la kushoto likigeuka kumwangalia. Walipita duka la dawa na kituo cha mafuta. Kwenye geti la studio mlinzi alinyanyuka kwenye kiti chake.

"Shikamoo, mama. Dada, habari za nyumbani?"

"Nzuri. Za lindo?"

"Lindo salama. Na jana nami nimeitwa ndani!" Alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. "Wamenivalisha lile vazi la vitufe. Nimetembea, dada, meneja mwenyewe amesifu. Anasema askari wote wa filamu watatembea kama mimi."

"Hongera," Katikati akasema. "Na ulipofika mwisho ulifanya nini?"

"Mwisho upi?" Mlinzi akawafungulia geti, akalishikilia wazi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa mtu mmoja. "Waliniambia nisisimame."